Mkono wa Bibi Unaungua, na Mkononi Hamna Kitu

Ukijitambulisha hapa chuoni kwamba unatoka Sumbawanga, jiandae. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza mwenzangu wa chumbani aliniuliza, huku akitabasamu nusu tu, kama ni kweli kwetu mtu anaweza kuagiziwa radi mchana wa jua kali. Nilicheka. Nimezoea. Jina lenyewe la mji, wazee wanasema, kwa Kifipa ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Yaani mgeni ukifika, ulichobeba kiache nje. Sasa agizo la kuacha uchawi mlangoni liligeukaje kuwa sifa ya kuwa nao ndani, hilo waulizwe wachekeshaji.

Mwaka jana utani huo uliacha kunichekesha. Sababu ni mkono wa bibi yangu.

Bibi anaishi kijijini, njia ya kwenda Matai. Mwezi wa tatu alianguka shambani, upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukapinda. Hospitali wakasema kiharusi, presha ilikuwa juu sana na hakuna aliyejua. Alilazwa, akatoka, na kwa kweli alipona kuliko tulivyotegemea. Mwezi wa tano alishika tena mwiko. Kilichobaki ni ganzi; alisema mkono wa kushoto ni kama umevalishwa kitambaa kizito.

Kisha kikaja kipupwe. Asiyeifahamu Ufipa anadhani Tanzania nzima ni jasho. Sisi tuko juu ya uwanda, mji wenyewe uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba upepo ukishuka kutoka Mbizi hata mbwa hatoki nje. Ndipo mkono wa bibi ulipoanza kuungua. Siyo kuhisi baridi, kuungua. Khanga ikimgusa begani analalamika kama amewekewa kaa la moto. Siku moja alichovya vidole kwenye ndoo ya maji yaliyolala nje, akapiga ukelele wa mtu aliyeshika sufuria inayochemka.

Akapelekwa kutibiwa. Wakaangalia mkono: hauna uvimbe, hauna jeraha, kiungo kinakunjika. Akapewa dawa za maumivu, hazikusaidia. Mara ya pili akaambiwa mkono ni mzima, bibi, huo ni uzee. Baba mdogo akaona amechoka kusubiri, akaleta mganga. Mganga akasema kuna kitu kimezikwa. Akamchanja chale kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, akapaka dawa. Ngozi ile ile iliyokuwa haivumilii kuguswa na khanga.

Na mimi? Mimi nilipiga simu. Nikamwambia, "Bibi, mkononi hamna kitu, hayo ni mawazo tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nasomea ualimu wa Baiolojia. Desa langu la mwaka wa pili, lililopigwa kopi mpaka herufi zimefifia, linasema thalamasi ni kituo cha kupitishia taarifa za milango ya fahamu kwenda kwenye gamba la ubongo. Basi. Lilikuwa swali la alama mbili, nikazipata zote mbili. Ni jibu hilo hilo lililonifanya nimwambie bibi upuuzi. Maana kama thalamasi ni bomba tu, kinachotokea juu ni kile kilichoingia chini. Mkono usipokuwa na jeraha, maumivu yametoka wapi? Itabidi useme yamebuniwa.

Mwezi wa nane shangazi aliuza mahindi akampeleka Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa basi, akapigwa picha ya ubongo. Daktari akaonyesha kovu dogo upande wa kulia, katikati kabisa. Dogo kama punje ya hindi. Alisema neno moja tu ambalo shangazi aliliandika nyuma ya risiti ili anisomee: thalamasi. Nilikaa maktaba wiki mbili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyakuta, na ndiyo ambayo desa halikusema.

Thalamasi ziko mbili, moja kila upande, kila moja ina umbo kama la yai na urefu wa sentimita 3 hivi. Jina ni la Kigiriki, maana yake chumba cha ndani. Karibu kila unachokihisi kinapita chumba hicho kabla hakijafika kwenye gamba la ubongo, lile tabaka la nje lenye mikunjo: mwanga, sauti, ladha, mguso, joto, baridi, maumivu, hata habari ya goti lako liko wapi wakati umefumba macho. Kila hisi ina sehemu yake humo ndani. Njia za kutoka kwenye mwili huvuka upande kabla ya kufika, kwa hiyo mkono wa kushoto unasomwa na thalamasi ya kulia. Harufu pekee ndiyo haibishi hodi. Inaingia kwenye gamba la ubongo bila kuanzia kwenye thalamasi. Moshi wa kuni ulimfikia bibi kama zamani.

Mpaka hapo desa liko sawa. Tatizo linaanza ukihesabu nyaya.

Watafiti walichukua ile sehemu ya thalamasi inayopokea taarifa kutoka jichoni, ya paka, wakahesabu kwa hadubini ya elektroni viunganishi vinavyoingia humo. Ungetegemea vingi vitoke jichoni, si ndiyo kazi yake? Vilivyotoka jichoni vilikuwa kati ya asilimia 5 na 10. Karibu theluthi vilitoka kwenye gamba la ubongo, yaani huko huko taarifa inakopelekwa. Vilivyobaki vilitoka kwenye shina la ubongo na kwenye seli za jirani ambazo kazi yake ni kuzuia. Nilisoma aya hiyo mara tatu. Bomba gani hilo linalopokea maji mengi kutoka kwenye tangi kuliko kutoka kwenye chanzo?

Nimejaribu kutafuta mfano wa kwetu. Kwanza nilifikiria stendi ya Sumbawanga: magari ya Mpanda, ya Tunduma, ya Kasanga ziwani, na yale yanayopanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa, yote yanakutana pale. Lakini stendi haiulizwi maswali na Dar es Salaam. Mfano unaofaa zaidi ni kituo cha kununulia mahindi msimu wa mavuno. Malori yanakuja kutoka vijijini, yanapanga foleni. Afisa anapima unyevu, anaangalia takataka. Muda wote huo simu yake inaita: makao makuu wanasema leo pokeeni kutoka kijiji hiki, wale wengine wasubiri, kesho wanasema ongezeni kasi, keshokutwa fungeni geti kwanza. Kwa kila lori moja linaloingia, simu tatu nne zimeshapigwa.

Sasa tazama. Simu haibebi hata punje moja ya hindi. Ndivyo walivyoeleza Murray Sherman na Ray Guillery mwaka 1998: jumbe zinazofika kwenye thalamasi ni za aina mbili. Kuna chache zenye nguvu zinazobeba habari yenyewe, hizo ni malori. Kuna nyingi ambazo hazibebi habari, zinarekebisha: pandisha hii, shusha ile, subiri kidogo. Zinazotoka kwenye tabaka la sita la gamba la ubongo ni za aina hii ya pili. Kwa hiyo habari ya mkono wako inapofika juu, imeshakutana njiani na yale ambayo ubongo unayatarajia, unayatafuta au hauna shida nayo kwa sasa. Makutano hayo ndiyo kazi yenyewe ya thalamasi. Kupitisha ni sehemu tu.

Na getini yupo mlinzi. Thalamasi imefunikwa kwa ubavuni na utando mwembamba wa seli za kuzuia, na nyaya zinazopanda kwenda kwenye gamba la ubongo na zile zinazoshuka zote zinapita katikati ya utando huo, zikiacha matawi njiani. Yaani mlinzi anasikia mazungumzo ya pande zote mbili, halafu anaamua wapi pa kukandamiza. Hatumi neno lolote juu. Anaongea na thalamasi peke yake. Mwaka 1984 Francis Crick, huyo huyo wa DNA mnayemjua na Watson, aliandika kwamba utando huu huenda ndio unaoelekeza kurunzi ya umakini wetu. Mtu mzima na Nobel yake mfukoni, akaamua kuhangaika na kipande cha ubongo ambacho sisi tulikiruka kwa sababu hakikuwahi kutoka kwenye mtihani.

Kuna jambo moja zaidi lazima ulijue ndipo mkono wa bibi ueleweke. Seli za thalamasi zina namna mbili za kufyatua ishara. Ukiwa macho, nyingi zinafyatua moja moja kwa kufuata kile kinachoingia. Mguso mkali kidogo, ishara nyingi kidogo. Lakini seli iliyokandamizwa kwa muda inajikusanya. Ikiguswa baada ya hapo inafyatua fungu zima kwa mkupuo, pa-pa-pa-pa, kisha inanyamaza. Mkupuo huo hausemi kwa usahihi kilichotokea ni nini. Unasema tu: kuna kitu! Ukiwa usingizini mzito hali hii ya mikupuo ndiyo inayotawala, na dunia haifiki juu kama ilivyo. Umepanda basi Tunduma usiku, umelala, injini inanguruma chini ya kiti na muziki unapigwa, huna habari. Konda anataja Laela, kwa sauti ya kawaida tu, na wewe wa Laela unashtuka. Masikio hayakuzimwa wakati wote huo. Sauti zote zilikuwa zinaingia.

(Nitaje kwa haraka tu kwamba si kila sehemu ya thalamasi inahudumia milango ya fahamu. Iliyo kubwa kuliko zote kwa binadamu, pulvina, inapokea malori yake kutoka kwenye gamba la ubongo lenyewe, tabaka la tano, na kuyapeleka sehemu nyingine ya gamba hilo hilo. Hata ubongo unapojisemesha wenyewe, baadhi ya maneno yanazungukia getini. Anayetaka mada ya utafiti wa mwisho, hapo pana shamba kubwa.)

Sasa turudi Ufipa.

Mwaka 1906, Paris, madaktari Jules Dejerine na Gustave Roussy walieleza wagonjwa wa kiharusi waliokuwa na hali moja: upande mmoja wa mwili kwanza umekufa ganzi, kisha upande huo huo uliokufa ganzi ukaanza kuuma vibaya sana. Walipochunguza ubongo wa waliofariki, walikuta kidonda kwenye thalamasi. Maumivu hayo yanaweza kuanza siku ile ile, lakini mara nyingi yanachelewa wiki au miezi, na ndiyo maana familia haiyaunganishi na kiharusi. Bibi alianguka mwezi wa tatu, moto ukaja mwezi wa sita. Nani angefikiria ni ugonjwa mmoja? Mwezi wa sita ulikuwa na sababu nyingine nyingi za kusingizia, pamoja na ugomvi wa mpaka wa shamba ambao sitauandika hapa.

Kwa nini kitu kilichokufa ganzi kiungue? Madaktari wawili Waingereza, Henry Head na Gordon Holmes, mwaka 1911 walisema gamba la ubongo kwa kawaida linaishika thalamasi kwa hatamu, na hatamu hizo zikikatika thalamasi inapiga kelele. Maelezo ya leo yana vipande zaidi na wanasayansi bado wanabishana, ila mawili yananishawishi. La kwanza ni ile mikupuo. Seli zilizopoteza malori yake hazikai kimya. Baadhi zimekutwa, kwa wagonjwa waliopimwa wakati wa upasuaji, zikifyatua mafungu wakati mgonjwa yuko macho kabisa. Geti halina lori, lakini kengele inalia. Na gamba la ubongo halina namna nyingine ya kujua habari za mkono isipokuwa kupitia geti hilo. Kengele ikilia, mkono unaungua. Kwa bibi huo si mfano wa maneno. Ndicho anachokihisi.

La pili ni la baridi, na hili lilinifanya nifunge kitabu nitoke nje. Habari ya baridi na habari ya kuungua zinapanda kwa njia zilizo jirani, na inaelekea ile ya baridi kwa kawaida inaizuia ile ya kuungua isivuke mpaka. Mwaka 1896 Msweden Torsten Thunberg alipanga vyuma vya uvuguvugu na vya ubaridi, kimoja kimoja kwa kupishana. Kiguse kimoja peke yake, hakikuumizi. Weka kiganja juu ya vyote, unahisi kuungua. Hakuna kinachounguza pale. Ni hesabu tu ya ndani imevurugwa. Kwa wagonjwa kama bibi, kipimo kinachokutwa kimeharibika karibu kwa wote ni uwezo wa kutambua joto na baridi. Zuio limeondoka. Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo kwenye uwanda wa mita 1,800, mwezi wa saba, umpe ndoo ya maji yaliyolala nje.

Kwa hiyo waliosema mkono ni mzima walisema kweli. Na bibi aliyesema mkono unaungua alisema kweli. Mwongo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na alama mbili kati ya mbili.

Nilienda nyumbani likizo ya mwezi wa kumi. Boom lilikuwa halijaingia, nauli nilikopa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kumwambia baba mdogo kwamba uchawi ni ujinga. Bahati nzuri njia ni ndefu, nikaitupa kabla ya Tunduma. Mtu aliyemwona mama yake akilia usiku kucha na ametafuta msaada mahali pawili humwambii ni mjinga. Nikamwambia, "Baba mdogo, mlikuwa sahihi kwamba kuna kitu kimeharibika. Ila hakiko mkononi. Kiko hapa katikati ya kichwa, upande wa pili." Nikamchorea kwenye karatasi kituo cha mahindi, geti, mlinzi na simu. Alitazama mchoro kwa muda, yeye ambaye amewahi kulala siku nne kwenye foleni ya malori. Akauliza swali moja: "Kwa hiyo chale hazifiki huko?"

"Hazifiki."

Akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Hatujalizungumza tena, lakini mganga hajarudi.

Bibi nilimkuta jikoni. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya simu. Alinipa ugali wa ulezi na dagaa wa Kasanga kwanza, ndipo akajibu. "Nilijua si mawazo," alisema. "Mawazo nayajua mimi. Nimezika watoto watatu."

Dawa aliyoandikiwa Mbeya inaitwa amitriptilini, vidonge vidogo vya usiku, ya zamani na ya bei ndogo, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya sonona. Inasaidia maumivu ya aina hii pale ambapo panadoli na diklofenaki zinashindwa, kwa sababu inafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu yenyewe na haihangaiki na uvimbe ambao haupo. Haimsaidii kila mtu. Inakausha mdomo, inaweza kumpa mzee kizunguzungu na kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo usiende kuinunua dukani kwa ajili ya babu yako eti umesoma kwenye jarida la wanafunzi; ni ya kuandikiwa na kufuatiliwa. Dawa ya presha nayo haiachwi, maana thalamasi ni moja ya sehemu ambazo presha ya muda mrefu hupenda kupasua vimishipa vidogo vya damu. Tulinunua mashine ya kupimia, shangazi anaandika namba kwenye daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, ukurasa wa nyuma.

Moto haujaisha. Umeshuka, bibi anasema zamani ulikuwa wa kupikia, sasa ni wa kuotea. Analala. Maji anachemshiwa, na mkono anaufunga kwa kipande cha blanketi kuukuu kabla ya kutoka nje, taratibu sana, kwa sababu hata blanketi nalo lina siku zake.

Jana shangazi amenitumia ujumbe. Kipupwe kimeanza mapema, nikija likizo nilete glavu ya sufu, laini, ya kushoto tu. Leo mchana nimezunguka mtumba wote. Hakuna anayekubali kuuza moja.